Taarab haina kituo cha forodha

Mimi ni mpiga udi hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa sana harusini ni hili: taarab ni ya Kenya au ya Tanzania? Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Wadigo wakabaki pande zote mbili. Nyimbo nazo zikaendelea kupita.

Hata hivyo kila mji una mapigo yake. Unguja, kikundi cha Ikhwani Safaa kimeanza 1905, na huko hadi leo ni fidla, ganuni na akodiani kwa mtindo wa Misri: utangulizi mrefu, watu wametulia vitini. Tanga wakapunguza ala. Bendi ya Black Star, kisha Lucky Star, wakaingiza gitaa la umeme na besi, wimbo ukawa wa kuchezeka. Mombasa tulichota kote, na vyetu tulikuwa navyo: udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na sauti ya Juma Bhalo aliyeimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi.

Halafu kuna chakacha, ngoma ya kina mama ya harusini, na hiyo hatuiachi. Sikiliza ngoma: vumi inanguruma chini, chapuo inachangamka juu, na katika kipimo kimoja utasikia mapigo mawili na mapigo matatu yakienda pamoja. Mgeni kutoka Tanga akishika besi, humwambia asihangaike na chapuo, ashikamane na vumi. Akiipata tu, kina mama wanainuka wenyewe, wala hakuna anayeuliza kitambulisho chake!

Kinachoturahisishia ni shairi. Mizani nane kwa nane ni ileile Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja. Mwimbaji wa Unguja akikuta neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwenye kina hulitamka hivyohivyo, maana akilibadilisha kina kinavunjika.

Ndiyo maana tamasha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama JAMAFEST iliyoanzia Kigali mwaka 2013, nazipenda lakini naona zinaweza kwenda mbali zaidi. Nchi ikipanda jukwaani kwa zamu na bendera yake, tunaonana, lakini hatujapiga pamoja. Waandalizi, naomba hivi: mpiga fidla wa Unguja, mpiga besi wa Tanga na wapiga chakacha wa Mombasa wapewe wiki nzima ya mazoezi katika chumba kimoja, ndipo watu waalikwe.