Simbilisi anavyopima hewa ya wodi ya kifua kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, vijitone vinavyomtoka hukauka hewani na kubaki chembe ndogo mno zinazoelea kwa saa kadhaa. Je, hewa ya chumba hicho ina bakteria hai wangapi? Mashine hulijibu swali hili kwa shida. Ukiipitisha hewa ya wodi kwenye sahani ya kuoteshea, fangasi na bakteria wengine hujaa ndani ya siku chache, ilhali bakteria wa kifua kikuu huhitaji wiki kadhaa kuota. Tena ni wachache, wametawanyika katika hewa nyingi. Chombo kinachowachuja na kuwaotesha bila kuchanganya na wengine ni mapafu ya simbilisi, mnyama mdogo wa maabara aitwaye guinea pig kwa Kiingereza.

Robert Koch alimtumia mnyama huyu katika kazi yake ya 1882 iliyoonyesha chanzo cha ugonjwa, na wepesi wake wa kuambukizwa ndio umemfanya abaki maabara hadi sasa: bakteria wachache sana wakifika pafuni wanatosha. Lakini simbilisi mmoja huvuta takriban robo ya mita moja ya ujazo kwa siku, kiasi kidogo mno kwa kupima wodi. Ndiyo maana hutumika makumi kwa mamia, kwa miezi.

Mtambo wa kwanza ulijengwa Baltimore, Marekani, miaka ya 1950, na daktari Richard Riley akifuata wazo la mhandisi William Wells kwamba ugonjwa huu huenea kwa hewa. Hewa ya vyumba sita vya wagonjwa ilivutwa kwa mabomba hadi kwenye banda la simbilisi juu ya paa. Kundi moja lilipata hewa kama ilivyo. La pili lilipata hewa ya vyumba hivyohivyo iliyokwisha kupigwa mionzi ya urujuanimno, ambayo huua bakteria. Kundi la kwanza liliambukizwa, la pili halikuambukizwa. Wanyama hao hawakugusana na mgonjwa, kikombe wala shuka, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa hewa tu. Jambo jingine lililojitokeza, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba wagonjwa wachache ndio waliosababisha sehemu kubwa ya maambukizi.

Muundo huo ulirudiwa Lima, Peru, na eMalahleni, Afrika Kusini. Lima, asilimia 35 ya simbilisi waliopata hewa isiyotibiwa waliambukizwa, dhidi ya 9.5 pale taa za urujuanimno zilipowashwa karibu na dari. Afrika Kusini wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwa dawa walivaa barakoa za kawaida za upasuaji siku moja, siku inayofuata wakakaa bila. Hewa ya siku za barakoa ilikwenda kwa simbilisi 90, ya siku nyingine kwa 90 wengine. Waliambukizwa 36 katika kundi la kwanza na 69 katika la pili. Hesabu hizi zisisomwe kwa haraka: simbilisi aliyevuta chembe tatu zenye bakteria huhesabiwa mara moja tu, sawa na aliyevuta moja. Kundi likikaribia kuambukizwa lote, kipimo kimejaa na hakiwezi tena kutofautisha hewa mbaya na iliyo mbaya zaidi.

Maambukizi hupimwa kwa tubakulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu ambazo ngozi ya aliyeambukizwa huzijibu kwa kuvimba. Unanyoa manyoya ya ubavuni na kuchoma mililita 0.1 ndani ya ngozi, si chini yake. Ukipitiliza, dawa hutawanyika na hakuna uvimbe wa kusoma. Baada ya saa 24 unapima sehemu iliyokakamaa, si wekundu. Katika tafiti za Afrika Kusini milimita 6 na zaidi ilihesabiwa kuwa maambukizi. Kipimo cha kwanza hufanywa kabla mnyama hajaingia bandani, kisha hurudiwa takriban kila mwezi.

Makosa mengi huanzia kwenye lishe. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba 30. Vitamini hiyo huharibika kwenye chakula kilichokaa ghalani, na ile ya kwenye maji haifiki kesho ikiwa na nguvu. Akiikosa kwa wiki mbili hivi, kiseyeye huanza: viungo huvimba, hataki kutembea, manyoya husimama, uzito hushuka. Kushuka uzito ni dalili ya kifua kikuu vilevile, basi matokeo yamevurugika. Na mnyama aliyekosa protini anaweza kuwa ameambukizwa huku ngozi yake isijibu vizuri tubakulini.

Usimweke chumba kimoja na sungura, kwani sungura hubeba bakteria aitwaye Bordetella bila kuugua na simbilisi hupata nimonia. Akipata kidonda usimpe penisilini wala amoksilini: bakteria wazuri wa utumbo hufa, wabaya huchukua nafasi, naye hufa ndani ya siku chache.

Zamani makohozi ya mgonjwa yalidungwa kwa simbilisi ili kuthibitisha ugonjwa. Kuotesha maabara na mashine za kusoma vinasaba zimeiondoa kazi hiyo, na kamati ya maadili ikiidhinisha jambo hilo leo itakuwa imekosea. Kwa kupima hewa bado namtetea, kwa masharti: idadi ikokotolewe mapema isizidi mahitaji, wakae kwa makundi wakiwa na nyasi kavu na pa kujificha, na anayeanza kuhema kwa shida auawe bila maumivu siku hiyohiyo, asisubiri ratiba ya utafiti. Wengi wanaojibu tubakulini hawaonyeshi ugonjwa mapafuni wakipasuliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kisayansi ya kumwacha mmoja ateseke ili kuthibitisha kwamba maambukizi yametokea.