Popapu inasema "kipindi chako kimekwisha", na mama hakuwa anaangalia TV

Juzi mama mmoja alikuja kwa kaunta yetu hapa tao na simu mkononi akaniambia, "Kijana wangu, hii kitu inasema kipindi changu kimekwisha, na mimi hata sikuwa naangalia TV." Kucheki, kumbe ni popapu, kale kaboksi kanaruka kwa skrini, ya tovuti yetu wenyewe. Mtu alichukua Kiingereza, "your session has expired", akakigeuza neno kwa neno akaenda nyumbani. Siku hiyo hiyo tukaandika upya: "Umekaa muda bila kubonyeza kitu. Ingia tena." Imekuwa ndefu kidogo, sawa, lakini mtu anajua kilichotokea na anajua afanye nini.

Kazi yangu ni kupitia maandishi ya mifumo, na hii naandikia nyinyi wenye mnatengeneza tovuti za sacco, shule, kliniki, kaunti. Kamusi za kompyuta zinasema kidirisha ibukizi, mimi nitasema popapu ndio tuelewane.

Shida ya kwanza ni kwamba designa anachora kaboksi kakitoshea Kiingereza halafu Kiswahili kinaletwa mwisho kifinywe ndani. Sasa neno kama "hayajahifadhiwa" lina herufi 15 na halina nafasi katikati, kwa hivyo kwa simu ndogo haliwezi kushuka mstari wa pili, linakatwa tu, na ile sehemu inabaki haimaanishi kitu. Andika Kiswahili kwanza. Kikitoshea, kwa kawaida Kiingereza nacho kitatoshea.

Ya pili ndio inanikosesha usingizi: ngeli. Madevelopa wanapenda kuandika sentensi moja yenye pengo, wanaweka jina la kitu hapo mbele halafu "imefutwa" inafuata. Kwa Kiingereza hiyo inaenda vizuri kwa sababu kitenzi hakijali ni kitu gani. Kwetu picha imefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, na mabadiliko yamefutwa. Faili za tafsiri huwa na mahali pa umoja na wingi, ngeli ni mpaka uzipangie mwenyewe, ndio maana unapata "ujumbe imefutwa" kwa tovuti ya ofisi kubwa kabisa na watu wanacheka. Dawa yake ni rahisi na ajabu ni watu wachache wanaitumia: mfanye mtumiaji ndiye mtendaji. "Umefuta picha." "Umefuta ujumbe." "Umefuta faili." Kiambishi hakibadiliki tena hata uweke nini kwa hilo pengo. Hesabu nayo iandike kwa tarakimu, "Umefuta picha 3", usianze kubishana na tatu, matatu na vitatu. Na kama ni mfumo ndio umefuta, sema "Tumefuta". Usimsingizie mtu.

Vitufe sasa. Nimeona popapu inauliza "Una uhakika unataka kughairi ombi?" na chini kuna vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Haya, ukibonyeza Ghairi unaghairi ombi ama unaghairi kughairi? Hata mimi nilisimama hapo kama nimesahau PIN. Weka swali fupi, "Ufute ombi lako?", na kila kitufe kiseme kazi yake: "Futa ombi" na "Liache". Basi.

Halafu kuna saa. Tangazo la Kiingereza linasema mfumo utafungwa saa za 21:00, mtafsiri anajua hiyo ni 9 p.m. anaandika "saa 9 usiku", na hiyo kwa Kiswahili ni alfajiri mbichi, watu wamelala. Mtu anaamini ana usiku mzima wa kujaza fomu, anafungiwa katikati. Andika "leo saa 3 usiku, yaani 21:00", herufi chache za ziada hazijaua mtu.

Kuhusu ile popapu ya "tunatumia vidakuzi", tuseme ukweli, nani anajua kidakuzi ni nini? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na mtu akiwa ameelezwa anachokubali. "Tunaweka kumbukumbu ndogo kwa simu yako ili tukutambue ukirudi" inaeleweka, na kitufe cha "Kataa" kiwe kikubwa sawa na cha "Kubali".

Kama tovuti iko na lugha zaidi, majina ya lugha yaandikwe vile wenyewe huyaandika, Gĩkũyũ, Dholuo, Soomaali, na bendera wachana nazo, maana Kiswahili utakipa bendera ya nani, yetu ama ya Tanzania? Na arifa hiyo hiyo ikienda pia kwa SMS chunga ĩ na ũ. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida, lakini ikiingia herufi moja tu kama ĩ, nafasi inashuka hadi 70, kwa hivyo ujumbe wa herufi 100 unalipiwa kama SMS mbili. Kitengo cha fedha kitakupigia.

Kabla hatujaweka popapu mpya hewani mimi huiandika kwa karatasi naipeleka kwa askari wa geti, namwambia tu asome, simwelezi kitu. Ya wiki jana aliisoma mara mbili, akanirudishia karatasi, akauliza, "Sasa bosi, hapa nibonyeze wapi?" Tukarudi juu kuiandika tena.