Asidi ya damu si ile ya kiungulia

Nikimwambia mgonjwa kwamba asidi imezidi mwilini, mara nyingi hushika tumbo. Hapana. Asidi ya tumboni ina kazi yake ya kusaga chakula. Ninayoisema mimi iko kwenye damu, na huwezi kuisikia ikichoma.

Kila siku mwili huzalisha asidi. Inayoweza kugeuka hewa ya kaboni tunaipumua nje. Iliyobaki, ambayo sehemu kubwa hutokana na protini, hasa ya nyama, haina mlango mwingine ila mkojo. Figo huokoa bikaboneti, kizimua asidi cha damu, isipotee, kisha hutengeneza kemikali ya amonia ya kuibeba asidi hadi nje. Hivyo pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake (ikishuka, asidi imezidi), hubaki kati ya 7.35 na 7.45.

Kisukari au presha vikishaua nefroni nyingi, yaani vichujio vidogo vya figo, mzigo wa asidi unabaki uleule huku wachukuzi wamepungua. Kila nefroni iliyosalia hulazimika kuzalisha amonia kupita kiasi chake, na amonia ikirundikana ndani ya figo huamsha kinga ya mwili dhidi ya figo yenyewe. Hapo huja uvimbe, baadaye makovu. Homoni za endothelini na aldosteroni nazo hupanda ili kusaidia kusukuma asidi, lakini zikikaa juu muda mrefu huongeza makovu yaleyale. Figo inaumizwa na bidii yake. Tena mchakato huu unaweza kuanza wakati kipimo cha damu bado kinasoma vizuri, jambo linaloninyima raha kila ninaposoma majibu "ya kawaida" ya mtu mwenye figo dhaifu.

Nje ya figo nako asidi ikizidi huleta madhara: mifupa hutoa madini yake kuizimua, misuli hupungua, na madini ya potasiamu hupanda kwenye damu.

Bikaboneti ikishuka chini ya milimoli 22 kwa lita, kwa kawaida nafikiria vidonge vya sodiamu bikaboneti. Vina sodiamu, kwa hiyo naangalia presha na miguu kuvimba. Matunda na mboga hupunguza mzigo wa asidi. Hata limau, pamoja na ukali wake mdomoni, huacha bikaboneti baada ya mwili kulitumia. (Maji ya "alkali" ya bei ghali siyapendekezi.) Ila mtu ambaye figo zake zimechoka asikimbilie kula matunda kwa wingi kabla hajapima potasiamu, ambayo matunda mengi yanayo: ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama.