Mtoto Anayeziba Masikio Si Jeuri: Maswali ya Wazazi

Kwa nini mwanangu analia kwa vitu vidogo: lebo ya shati, kelele, kuoshwa kichwa?

Kwake si vidogo. Ubongo hupokea taarifa kupitia macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kuna pia milango miwili ya fahamu ambayo haitajwi sana: wa mizani ya mwili, ulio ndani ya sikio, na wa misuli na viungo, unaomjulisha mtoto mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Wapo watoto ambao taarifa hizi huwafikia kwa ukali. Lebo ile huwasha kama upupu. Wengine huwafikia kwa uhafifu, ndiyo maana huzunguka, hujigonga, hutafuna kola. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili.

Si deko tu? Akichapwa si ataacha?

Hapana. Mwenye deko akipata anachotaka kwa kawaida hunyamaza. Aliyezidiwa haoni hata unachompa. Ukimchapa umemwongezea maumivu na kelele, vitu vilevile vilivyomshinda. Akinyamaza baada ya kipigo, usijipongeze: amenyamaza kwa hofu.

Na kumchapa kidogo?

Hapana. Kumfinya je? Hapana. Kumfungia chumbani? Hapana. Kumpeleka kwa nguvu penye kelele “azoee”? Hapana pia.

Basi nifanye nini akizidiwa?

Mtoe penye kelele na macho ya watu. Inama usawa wake, sema maneno machache kwa sauti ya chini. Wengine hutulia wakikumbatiwa kwa nguvu, wengine huzidi kukasirika, akijitoa, mwache. Mawaidha yasubiri atulie, kwa sababu wakati huo hakusikii.

Mtoto mdogo hajui kujituliza. Hujifunza kwa kutulizwa na mtu mzima aliyetulia, na sehemu ya ubongo inayotawala hisia huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Sasa wewe unayempigia kelele “nyamaza!”, unamfundisha nini?

Siku za kawaida, andika alilia saa ngapi, wapi, na nini kilitangulia. Baada ya wiki mbili huenda ukaona mpangilio. Mwambie mapema kinachofuata. Kabla ya jambo linalomsumbua, mpe kazi ya misuli: kubeba, kusukuma, kupanda.

Mjomba wake alikuwa hivyo, akaacha. Tusubiri?

Msisubiri. Kila mara sisi wa kliniki tunaletewa mtoto aliyekwisha kufika umri wa shule, na sentensi ni ileile: “Tulidhani atakua, ataacha.” Miaka hiyo ndiyo angesaidiwa kwa urahisi zaidi. Anzeni kwa kupima masikio. Mleteni kama ana mwaka 1 na hageuki akiitwa jina wala haonyeshi kitu kwa kidole, ana miezi 16 bila neno, au ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili. Anayejiumiza, au anayekataa vyakula vingi hadi uzito hauongezeki, aletwe pia. Aliyekuwa akizungumza kisha maneno yakapotea asingoje hata wiki.

Ina maana ana usonji (autism)?

Si lazima. Watoto wengi wenye usonji wana hali hii, lakini si kila mwenye hali hii ana usonji. Uchunguzi ndio utakaosema. Jirani hawezi.

Kuna dawa?

Hakuna dawa ya kunywa inayoondoa hali hii. Anayesaidia ni mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy), kwa michezo na mazoezi ya kila siku, nanyi mkiyaendeleza nyumbani. Na ile dawa ya mafua mnayompa ili alale “apumzike”, acheni leo. Inaweza kumdhuru, na akiamka tatizo lipo palepale.