Ujumbe wa Sauti Kati ya Unguja na Leipzig

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu wa kigeni kwamba asiyefika Unguja hatakijua Kiswahili sawasawa. Nilikuwa na sababu. Mgeni alikuja, akaandikishwa TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, akatafutiwa familia ya kukaa nayo, na lugha ikamwingia tangu alfajiri hadi wakati wa kulala, sokoni, barazani na jikoni. Leo wengi ninaowafundisha sijapata kushikana nao mikono, na baadhi yao wanazungumza vizuri kuliko wale waliokaa kwetu miezi mitatu. Ninataka kueleza jinsi hilo lilivyowezekana, kwa sababu maelezo mengi ninayoyasoma huisifu teknolojia yenyewe, ilhali kwa ninavyoona mimi jambo kubwa ni namna kazi inavyogawanywa baina ya watu wawili.

Njia ninayoitumia huitwa tandemu. Watu wawili, kila mmoja akijifunza lugha ya mwenzake, huunganishwa kwa sharti kwamba nusu ya muda wao ni ya lugha hii na nusu ni ya lugha ile, ili kila mmoja awe mwalimu kwa zamu na mwanafunzi kwa zamu. Si jambo la jana. Katika miaka ya 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, walikwisha kuunganisha jozi za wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa barua pepe, na mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo maalumu cha madarasa ya pamoja ya mtandaoni baina ya vyuo vya nchi tofauti. Kwetu pwani tulichelewa, maana hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika mwaka 2009 intaneti yetu ilitegemea zaidi satelaiti, ikawa ghali na ya kusuasua.

Sharti la nusu kwa nusu lina uzito wa pekee kwetu. Ziara za kielimu zimekuwa zikielekea upande mmoja: Mjerumani huomba viza ya Tanzania mtandaoni akiwa kwake, wakati mwanafunzi wa Unguja anayetaka kwenda Ujerumani hutakiwa kufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole na kuonyesha taarifa za benki ambazo vijana wengi hawana. Hivyo wenyeji wetu walizoea kuwa watu wa kusimuliwa na kuulizwa, bila wao kupata nafasi ya kuuliza. Tandemu ikisimamiwa vizuri huwarudishia nafasi hiyo.

Nilianza kwa video, na nilikosea. Binti wa Unguja alinunua bando kwa kila kipindi, huku mwenzake wa Leipzig, Ujerumani, akitumia mtandao wa chuo bila kulipa hata senti. Hapo nusu kwa nusu ilikwisha kuvunjika kabla ya neno la kwanza kusemwa. Nilipoandika “saa mbili”, mgeni mmoja aliisoma kama mbili ya saa za kizungu, akafungua kompyuta yake saa nane mchana. Wajerumani nao hubadilisha saa zao mwezi Machi na mwezi Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu huwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, na kila badiliko lilitugharimu vipindi. Zaidi ya hayo, salamu za Kiswahili ni mnyororo wa maswali na majibu mafupi yanayofuatana haraka. Sauti ikichelewa hata sekunde moja, mmoja anauliza habari za nyumbani wakati mwenzake bado anajibu hujambo, na wote wawili wananyamaza kwa haya.

Tukahamia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hula data kidogo, husubiri mtu apate nafasi, na husikilizwa tena na tena, jambo ambalo anayejifunza lugha analihitaji kuliko picha ya uso. Faida nyingine sikuitarajia. Katika ujumbe mmoja binti alikuwa akieleza ngeli ya KI-VI, na nyuma yake ikasikika milio myepesi ya kauri. Kijana wa Leipzig hakuuliza lolote kuhusu ngeli. Aliuliza ile milio ni ya nini. Binti akamjibu kwa dakika tatu kuhusu muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe, kuhusu baraza, na kwa nini babu yake hanywi kahawa peke yake. Kisha naye akauliza, kwa Kijerumani safari hii: mbona kwenu kimya hivyo? Kijana akatoka nje akamrekodia tramu.

Tangu hapo nimelifanya kuwa zoezi: kila anayepokea ujumbe aulize kuhusu sauti moja aliyoisikia nyuma ya maneno. Programu kama Duolingo, inayofundisha Kiswahili tangu mwaka 2017, hazifundishi msamiati vibaya, nami huwahimiza wanafunzi wazitumie, lakini nyuma ya sentensi zake hapana mtaa. Njia hii pia ilistahimili mwezi Mei mwaka 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika pamoja na vipindi vya video vikasimama; jumbe za sauti zilikaa kwenye simu, zikaenda mtandao uliporudi.

Mwezi mmoja wa Ramadhani binti alirekodi akiwa jikoni, na mama yake akasikika akisema, “Mwambie mwanangu huyo karibu futari.” Kijana alikuwa amejifunza shikamoo tangu juma la kwanza, ila alikuwa akinipa mimi tu, kama zoezi. Aliniambia kwamba alirekodi mara nne kabla ya kutuma: “Shikamoo mama. Ahsante kwa kunikaribisha. Mfungo mwema.” Mama akajibu, “Marahaba mwanangu. Hujambo? Na wazee wako hawajambo?”

Jibu la swali hilo lipo katika kila kitabu cha kufundishia, na kijana alilijua. Hata hivyo hakutaka kusema hawajambo pasipo kujua, kwa kuwa hakuwa amezungumza na wazazi wake kwa wiki kadhaa. Akampigia simu mama yake kwanza, wakaongea, ndipo akashika tena simu na kupeleka ujumbe Unguja: wazee hawajambo, wanakusalimu.