Kura 157 kwa 157: Akulliq, jimbo lililochorwa kwa ajili ya sare

Katika uchaguzi wa mwaka 2008, Steve Mapsalak alikuwa akitetea kiti chake cha Akulliq katika Bunge la Nunavut, kaskazini mwa Kanada. John Ningark alikuwa anakitaka. Kura zilipohesabiwa upya, kila mmoja alikutwa na 157.

Wengi wakisikia hesabu hiyo hucheka na kusema ni bahati tu. Mimi kazi yangu ni kuchambua mipaka ya majimbo ya uchaguzi, na naamini sare ile ilianza kuandaliwa siku ramani ilipochorwa.

Akulliq ilikuwa moja ya majimbo 19 yaliyopiga kura tarehe 15 Februari 1999, wiki chache kabla Nunavut haijazaliwa rasmi kama eneo la Kanada lenye utawala wake, tarehe 1 Aprili. Ndani yake mlikuwa na vijiji viwili tu. Cha kwanza ni Kugaaruk, ambacho wakati huo kiliitwa bado Pelly Bay. Cha pili ni Repulse Bay, ambacho leo ni Naujaat, pale pale kwenye Duara la Aktiki. Kati yao kuna takriban kilomita 270 ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara. Wala si huko tu: Nunavut nzima haina barabara inayounganisha kijiji na kijiji. Ni ndege, au pikipiki ya theluji, au boti barafu ikishayeyuka.

Sasa angalia sensa ya mwaka 2006. Kugaaruk watu 688, Repulse Bay 748. Ukiondoa watoto, ambao ni wengi sana katika vijiji vya Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko, unabaki na mizani miwili yenye uzito unaokaribiana, na kiti ni kimoja.

Tena vijiji hivyo havikuwa hata chini ya mkoa mmoja. Kugaaruk iko Kitikmeot, ambako ofisi za mkoa ziko Cambridge Bay. Naujaat iko Kivalliq, na mambo yake huishia Rankin Inlet. Hata saa zilitofautiana: Repulse Bay ilitangulia kwa saa moja. Mbunge wa Akulliq alilazimika kufuatilia shule na nyumba za wapiga kura wake kwenye ofisi mbili zisizohusiana. Kama mchoraji wa mipaka, hapo nisingekubali kuweka sahihi. Kilichowaunganisha watu hawa kilikuwa ukoo: familia nyingi za Repulse Bay asili yao ni upande wa Pelly Bay. Kwa hiyo sidai kwamba kila kijiji kilimpigia mtu wake kama kundi moja. Shemeji ana kura, na shemeji anaweza kuwa ng'ambo ya pili.

Vyama je? Havipo. Katika Bunge la Nunavut kila mgombea ni mgombea binafsi, na baada ya uchaguzi wabunge wenyewe hukutana kumchagua spika, waziri mkuu na mawaziri kwa kura ya siri. Mpiga kura akiwa mbele ya karatasi hana rangi ya bendera ya kumsaidia. Anamjua mtu, anamjua na baba yake. Ndiyo maana orodha ya wabunge wa Akulliq husomeka kama zamu za vijiji: Ovide Alakannuark wa Pelly Bay mwaka 1999, Mapsalak wa Repulse Bay mwaka 2004, kisha Ningark wa Kugaaruk.

(Wote watatu wanaume. Mwaka 1997 Wananunavut waliulizwa kama wanataka kila jimbo litoe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na takriban asilimia 57 wakakataa. Katika Bunge la kwanza aliingia mwanamke mmoja tu, Manitok Thompson.)

Turudi kwenye ile sare. Kwingineko mambo kama haya hukatwa kwa bahati nasibu; Alaska, mwaka 2006, Bryce Edgmon na Carl Moses walifungana katika kura za mchujo za chama chao na mshindi akapatikana kwa kurusha sarafu. Sheria ya Nunavut haina sarafu. Inasema watu warudi kupiga kura. Ni gharama, maana masanduku na karatasi husafiri kwa ndege, na watu hukaa miezi bila mbunge. Bado mimi naiona ndiyo sheria bora kwa jimbo dogo: mahali ambapo kila mtu anamjua aliyeshindwa, ushindi wa sarafu ungezungumzwa madukani kwa miaka. Akulliq ilirudia tarehe 2 Machi 2009, na Ningark akashinda.

Hakupata muda mrefu wa kulihudumia jimbo hilo. Mwaka 2013 viti viliongezwa hadi 22 na Akulliq ikafutwa. Kugaaruk iliunganishwa na Taloyoak, jirani yake wa mkoa mmoja, katika jimbo la Netsilik. Repulse Bay ikaenda na Coral Harbour katika jimbo la Aivilik, na aliyelishinda ni Mapsalak yuleyule. Mipaka ikakaa sawa na mikoa.

Lakini sare haikuondoka na Akulliq. Mwaka huohuo wa 2013, Rankin Inlet South, jimbo lisilo na vijiji viwili vya kuvutana, Alexander Sammurtok na Lorne Kusugak walilingana kura, na wapiga kura wakaitwa tena tarehe 10 Februari 2014. Safari hiyo Sammurtok ndiye aliyepita.