Chokaa ya begani na sindano za Kikorea: nani hasa anaiyeyusha?

Mwenye chokaa, yaani kalsiamu iliyoganda, kwenye kano za bega (nyuzi zinazoshikiza msuli kwenye mfupa) huogopa usiku. Akigeukia upande ule tu, usingizi umekwisha. Korea Kusini mgonjwa huyu ana njia mbili: hospitali ya kawaida, au kliniki ya hanuisa, yaani daktari wa tiba asilia ya Kikorea, anayechoma sindano nyembamba zisizo na dawa. Kuhusu hii ya pili husemwa mengi.

“Umezidisha maziwa na vidonge vya kalsiamu.” Hapana. Chokaa hujitengeneza ndani ya kano yenyewe, hasa kwa watu wa miaka 30 hadi 60, wanawake zaidi. Ukiacha maziwa umejinyima bure.

“Hanuisa ni mganga wa kienyeji tu.” Husoma chuo kikuu miaka 6, hufanya mtihani wa taifa, ndipo apewe leseni. Bima ya afya ya taifa hulipia sindano zake tangu 1987, na chuna, tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono, tangu 2019.

“Sindano zinayeyusha chokaa.” Hapa ndipo wengi hupotea. Chokaa hujijenga, hutulia miezi au hata miaka, kisha mwili wenyewe huanza kuinyonya. La ajabu, wakati wa kunyonywa ndio wenye maumivu makali kuliko yote: kilichokuwa kigumu kama chaki hulainika, bega huvimba ndani, mkono hauinuki. Ndipo mtu hukimbilia tiba. Achomwe sindano wiki kadhaa, apigwe eksirei tena, doa jeupe limefifia, basi sifa zote kwa hanuisa! Huenda lingefifia hata angebaki nyumbani. Zile picha za “kabla na baada” kwenye matangazo ya kliniki hazituonyeshi aliyekaa bila kutibiwa.

Tena sindano ya hanuisa ni nyembamba mno na haina tundu, kwa hiyo haiwezi kufyonza kitu. Inayofyonza ni ile nene ya hospitali: daktari huiongoza kwa altrasaundi, husukuma maji ya chumvi ndani ya chokaa, kisha huvuta uji mweupe.

Kwa maumivu ni habari nyingine. Wapo wanaopata nafuu kwa sindano za hanuisa, wakalala, wakaanza mazoezi kabla bega halijaganda. Kwa hilo mimi ningelipa. Kwa ahadi ya kuyeyusha, hata senti sitoi.

“Ni ya asili, haina madhara.” Baadhi ya kliniki hudunga sumu ya nyuki. Mwaka 2018 mwalimu mmoja alifariki kwa mzio mkali baada ya kudungwa sumu hiyo mjini Bucheon. Kabla hujakubali, uliza kama utapimwa mzio na kama adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, ipo karibu. Na bega likiwa jekundu, la moto, ukawa na homa juu yake, usianze na hanuisa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni usaha ndani ya kiungo.